Ukuta wa Kinu Utafuliwa kwa Metali Gani?

Ukitoka Majengo, Nairobi, kwenda mjini kupitia Gikomba, nyundo za Kamukunji utazisikia kabla hujawaona wenye kuzigonga. Hapo hufuliwa karai, sufuria, majiko, toroli na masanduku ya bati ambayo watoto wa Kenya huenda nayo shule za bweni. Wengi wa mafundi hao walijifunzia kazi pale pale kwenye fuawe, si darasani, lakini kila mmoja wao anaijua tabia moja ya metali ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Chuma kikigongwa kikiwa baridi huzidi kuwa kigumu. Kikizidi mno, pigo linalofuata hukitia ufa. Kwa hiyo fundi hukirudisha motoni, kikalainika, naye akaendelea na kazi.

Ndani ya metali atomi zimejipanga safu kwa safu, na katika safu hizo mna kasoro: hapa safu imekatika, pale imeingiliwa na nyingine. Metali hupindika kwa sababu kasoro hizo zinasogea. Kila pigo la nyundo huzaa kasoro mpya, mpaka zinakuwa nyingi kiasi cha kuzibiana njia, na metali inakataa kupindika tena. Joto huzipa atomi uwezo wa kutembea na kurudi mahali pake. Fizikia hiyo hiyo ndiyo itakayoamua kama binadamu ataweza kuzalisha umeme kwa njia inayolipa jua mwanga wake, yaani muungano wa viini vya atomi.

Muungano wa viini ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda. Aina mbili nzito za haidrojeni, deutiriamu na tritiamu, hupashwa joto hadi nyuzi milioni 150 hivi za Selsiasi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Kwa joto hilo elektroni hubanduka kwenye viini, gesi ikawa plazima, na viini hugongana kwa kasi ya kutosha kushikana. Viwili vinaposhikana huzaa kiini cha heliamu na nyutroni moja. Hakuna metali iwezayo kuigusa plazima ya namna hiyo ikabaki salama, kwa hiyo nguvu za sumaku huizuia isisambae, ndani ya chumba cha mviringo kilichoondolewa hewa yote. Mtambo wenye chumba hicho huitwa tokamaki, nao ndio kinu cha muungano.

Sasa angalia nishati inakokwenda. Sehemu moja kati ya tano hubaki na heliamu, ambayo ina chaji ya umeme. Sumaku huizuia, nayo hubaki ikiipasha plazima joto. Sehemu nne zilizosalia huondoka na nyutroni. Nyutroni haina chaji, na sumaku haziwezi kuishika. Hutoka moja kwa moja kwa kasi ya karibu kilomita 50,000 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya voltielektroni milioni 14.1, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ni ukuta.

Magazeti hushangilia moto. Oktoba 2023 kinu cha JET, kule Culham, Uingereza, kilitoa megajuli 69 za nishati ya muungano kwa muda wa sekunde tano hivi, kwa kutumia miligramu 0.2 tu za fueli. Hiyo ni sawa na uniti 19 za stima kama tungeweza kuigeuza yote kuwa umeme. Desemba mwaka huo huo JET ikafungwa baada ya miaka 40 ya kazi. Februari 2025 kinu cha WEST cha Ufaransa kiliidumisha plazima kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22. Haya ni mafanikio makubwa na sina nia ya kuyapunguza. Lakini kituo cha umeme hakiendeshwi kwa sekunde tano wala kwa dakika 22. Huendeshwa mchana na usiku kwa miaka, na muda wote huo ukuta hupigwa na nyutroni bila kupumzishwa. Hadi leo hakuna metali hata moja iliyowahi kupimwa kikamilifu katika hali hiyo. Hilo ndilo pengo ninalotaka msomaji alielewe, kwa maana halisemwi inavyostahili.

Nyutroni moja inapoingia kwenye ukuta wa chuma huigonga atomi na kuing'oa mahali pake. Atomi iliyong'olewa huenda kwa nguvu, ikang'oa nyingine, nazo zikang'oa nyingine, mpaka pigo moja limevuruga mamia ya atomi. Nyingi hurejea kwenye safu kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Zinazobaki nje huacha matundu nyuma yake na kujibana katikati ya safu zisizo zao. Ni ndugu wa kasoro zile anazozizaa fundi kwa nyundo, ila hapa mgongaji haonekani na hachoki.

Wataalamu huupima uharibifu huu kwa kuuliza: kwa wastani, kila atomi ya metali hii imeng'olewa mahali pake mara ngapi? Katika ITER, kinu kikubwa kinachojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa na wanachama saba, ambao ni Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini, jibu halitafika mara tatu kwa maisha yake yote, kwa sababu ITER ni kinu cha majaribio. Katika kinu cha mfano ambacho Ulaya inakusudia kukijenga baadaye, kuta za kwanza zitatakiwa kuhimili mara 20, na zitakazofuata mara 50. Kituo cha biashara kitahitaji zaidi ya hapo, pengine mara 100. Hebu lifikirie hilo. Kila atomi ya ukuta imetolewa mahali pake mara 100, na bado ukuta unatakiwa usimame, usivuje, usivimbe, wala usipasuke fundi anapouzima mtambo na ukapoa.

Ingekuwa hayo tu, tungeazima maarifa kwa wenzetu wa vinu vya kawaida vya nyuklia, kwa sababu nao hushughulika na nyutroni kila siku. Tatizo ni kwamba nyutroni za vinu vya mpasuko wa urani zina nishati ya wastani wa voltielektroni milioni 2. Hizi za muungano zina 14.1, na kwa nishati hiyo hazing'oi atomi tu. Huingia ndani ya kiini cha atomi na kukigeuza kiwe kitu kingine, huku zikizaa heliamu na haidrojeni ndani ya metali yenyewe. Katika chuma, kwa kila mara moja ya kung'olewa, muungano huzaa atomi kama 10 za heliamu kwa kila atomi milioni za chuma. Katika kinu cha mpasuko haifiki hata moja. Heliamu haiyeyuki katika metali. Hutembea hadi ipate tundu au mpaka kati ya chembe ndogo zinazounda metali, ikajikusanya hapo kama viputo, na kuta za chembe zikaanza kuachana.

Basi metali hupimwaje? Kipimo cha kwanza ni cha kuvuta: kipande hushikwa ncha mbili na kuvutwa mpaka kikatike, huku mashine ikiandika nguvu iliyotumika na urefu kilioongezeka. Kipo cha kukiweka chini ya mzigo kikiwa moto kwa maelfu ya saa, kuona kinavyorefuka polepole. Kipo cha kukipinda na kukinyoosha, kukipinda na kukinyoosha. Lakini kinachonivutia kuliko vyote ni kile kinachobeba jina la Mfaransa Georges Charpy, aliyekitangaza mwanzoni mwa karne ya 20.

Kipande cha metali chenye urefu wa milimita 55 na upana wa milimita 10 hukatwa mfuo mdogo katikati. Nyundo nzito inayoning'inia hupandishwa hadi kimo kinachojulikana, ikaachiliwa. Hushuka, hukipiga kipande upande wa nyuma ya mfuo, hukivunja, kisha hupanda upande wa pili. Tofauti kati ya kimo ilichotoka na kimo ilichofika ndiyo nishati ambayo kipande kilimeza kabla ya kukubali kuvunjika. Metali nzuri humeza nyingi, ikapindika na kuraruka. Metali iliyoharibika huvunjika kavu, nyundo ikaendelea na safari kama haikukutana na kitu. Rudia jaribio hilo katika joto mbalimbali na utapata nyuzi ambazo chini yake metali hubadilika kutoka kuraruka hadi kuvunjika kavu. Nyuzi hizo ndizo mhandisi anazozitafuta.

Mashine za kuvuta na kupiga si ngeni Nairobi. Kitengo cha serikali cha kupima vifaa vya ujenzi kiko Barabara ya Machakos, Industrial Area, mwendo mfupi kutoka Majengo, na Shirika la Viwango la Kenya hupima nondo kabla ya kuzipa alama yake. Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, inajua gharama ya ujenzi usiofuata vipimo. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma mvua ikinyesha, na makumi ya watu wakafa, wengine wao watoto. Kupima metali kabla ya kuikabidhi uhai wa watu ni kazi tukufu, iwe ni nondo ya milimita 12 au ukuta wa kinu cha nyuklia.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kazi hii ni cha feleji iitwayo EUROFER97. Wazungu waliitengeneza mahususi kwa ajili ya kuta za vinu vya muungano: chuma chenye kromiamu asilimia 9, tungsteni asilimia 1 na ushei, na vipimo vidogo vya vanadiamu na tantalamu. Ikiwa mpya, nyuzi zake za kubadilika ziko mbali chini ya sifuri, karibu nyuzi 80 chini, maana yake katika joto lolote la kawaida huraruka badala ya kuvunjika. Vipande vyake vilipelekwa Dimitrovgrad, Urusi, vikawekwa ndani ya kinu cha BOR-60 katika joto la nyuzi 330 hivi mpaka kila atomi ikawa imeng'olewa zaidi ya mara 30. Vilipotolewa na kupigwa kwa nyundo ya Charpy, nyuzi za kubadilika zilikuwa zimepanda hadi juu ya joto la maji yanayochemka. Feleji ile ile, isiyokuwa na ufa wala kutu, sasa ingevunjika kavu kwenye joto la chumba.

Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo fundi wa Kamukunji angewashauri tangu mwanzo. Walivitia vipande hivyo kwenye tanuri la nyuzi 550 kwa saa tatu. Sehemu kubwa ya unyumbukaji wake ikarudi. Matundu yalizibwa, atomi zilizopotea njia zikarejea kwenye safu, na metali ikawa karibu na ilivyokuwa. Ndiyo sababu wabunifu wa vinu hutaka ukuta wa feleji hii ukae kati ya nyuzi 350 na 550 kazini: chini ya hapo uharibifu hujikusanya haraka kuliko unavyopona, na juu ya hapo feleji huwa laini mno ikaanza kurefuka chini ya mzigo.

Hata hivyo tanuri lina mipaka. Heliamu haiondoki kwa saa tatu za nyuzi 550, na vipande vya Dimitrovgrad havikuwa na heliamu nyingi, kwa kuwa BOR-60 ni kinu cha mpasuko. Matokeo yale ni ya kweli na yana faida kubwa, lakini ni nusu ya jibu.

Vipande vikitoka kwenye kinu huwa na mionzi mikali. Hakuna mtu anayevishika. Huhamishiwa kwenye vyumba vyenye kuta nene za zege, na fundi husimama nje akitazama kupitia kioo kizito cha risasi huku akiongoza mikono ya mashine. Kupachika kipande kimoja kwenye mashine ya kuvuta kwa mikono hiyo ni ustadi unaochukua miaka kuujenga. Hiyo ni sababu mojawapo ya sampuli kuendelea kupunguzwa ukubwa. Siku hizi kipande cha Charpy kwa kazi hii kinaweza kuwa na urefu wa milimita 27, upana wa 4 na unene wa 3. Kuna visahani vya kipenyo cha milimita 3 ambavyo husukumwa kwa msumari wenye ncha ya duara mpaka vitoboke, na kutokana na mchoro wa nguvu hiyo mtaalamu hukadiria uimara wa metali nzima. Kipande kidogo kina mionzi kidogo, na vidogo vingi huenea mahali ambapo kikubwa kimoja kisingeenea.

Ukuta una sehemu nyingine iliyo na mateso yake, nayo ni ile ya chini ya chumba ambako plazima iliyochoka na majivu ya heliamu hutolewa. Joto linalotua hapo ni megawati 10 kwa kila mita moja ya mraba, na kwa vipindi vifupi hufika 20. Jua la utosi Nairobi siku isiyo na mawingu hutoa takriban kilowati moja kwa mita ya mraba. Hapa tunazungumzia mara elfu kumi zaidi, mfululizo. Metali iliyochaguliwa ni tungsteni, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, na hakuna metali nyingine inayofika hapo.

Lakini tungsteni ina ukaidi wake. Katika joto la kawaida huvunjika kavu. Ikizidi nyuzi 1,200 hivi kwa muda mrefu, chembe zake hujipanga upya na nguvu ikapungua. Ikipigwa na heliamu ikiwa moto sana, uso wake huota nyuzinyuzi laini zisizoonekana kwa macho matupu. Nyutroni nazo huigeuza polepole kuwa reniamu na osimiamu. Vumbi lake likiingia ndani ya plazima, hata atomi chache tu kwa kila laki moja, huipoza plazima ikazimika. Kwa hiyo ipo mitambo iliyojengwa kuitesa tungsteni tu. Jülich, Ujerumani, huipiga kwa miali ya elektroni, kuwasha na kuzima maelfu ya mara, kisha huihesabia nyufa. Eindhoven, Uholanzi, mtambo uitwao Magnum-PSI huimwagia plazima nzito ya kufanana na ile ya chini ya kinu.

Ni kweli pia kwamba vipimo humfanya mtu abadili mawazo. JET ilipoanza kutumia tritiamu nyingi mwaka 1997, kuta zake zilikuwa za kaboni. Kaboni huvumilia joto vizuri sana. Tatizo ni kwamba iliinywa tritiamu na haikuitoa, na tritiamu ina mionzi, ni adimu, na ndiyo fueli yenyewe. Kuta zote zikang'olewa, zikawekwa za berili na tungsteni, na kinu kikarejea kazini mwaka 2011. Kiasi cha fueli kilichobaki kwenye ukuta kilipungua zaidi ya mara kumi. Wanaojenga ITER waliusoma ushahidi huo na kuiacha kaboni, na baadaye wakaamua kuiacha hata berili, ukuta wote uwe wa tungsteni.

Hapo ndipo habari hii inapofika kwetu kwa njia nyingine kabisa. Tungsteni huchimbwa Nyakabingo, Rwanda, katika mojawapo ya migodi mikubwa zaidi ya madini hayo barani Afrika. Tantalamu ya ile feleji ya Wazungu hutokana na madini ambayo dunia huyaita koltani, na Rubaya, Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa machimbo yake makubwa duniani, mahali ambapo watu huchimba kwa mikono huku vita vikiwazunguka. Kwetu Kenya, Mrima kule Kwale kuna niobiamu nyingi ardhini, na mlima wenyewe una mionzi ya asili ambayo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamewahi kuipima.

Tantalamu na niobiamu ni ndugu wa tumbo moja. Hukaa pamoja kwenye jiwe moja la koltani na ni vigumu kuzitenganisha. Lakini ndani ya ukuta wa kinu tofauti yao ni kubwa mno. Niobiamu ikipigwa na nyutroni hugeuka aina yenye mionzi ambayo nusu yake tu ndiyo itakayokuwa imekwisha baada ya miaka 20,000 hivi. Tantalamu haina urithi wa namna hiyo. Ndiyo maana waliobuni EUROFER97 waliondoa niobiamu, molibdenamu na nikeli kwa makusudi, wakaweka tungsteni, vanadiamu na tantalamu, kwa lengo kwamba ukuta uliochakaa uweze kushughulikiwa upya baada ya miaka 100 hivi badala ya kufukiwa kwa maelfu ya miaka. Niobiamu ina kazi yake pengine: ndani ya sumaku za ITER, ambako huchanganywa na stani (bati halisi) na kupozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, nyuma ya ngao nene inayozuia nyutroni. Jiwe moja la Kivu lina mali mbili, na kazi ya maabara ni kuhakikisha hata chembe ya ile isiyotakiwa haikufuata ile inayotakiwa.

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia kilichopangwa kujengwa kwao, moja ya maswali yao lilikuwa taka zitakwenda wapi. Lilikuwa swali halali, na kwa vinu vya muungano jibu lake huanzia kwenye uchaguzi wa metali, miaka mingi kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

Nilisema majaribio ya Dimitrovgrad ni nusu ya jibu. Nusu ya pili inajengwa Escúzar, karibu na Granada, Hispania. Jina la mradi ni IFMIF-DONES. Wazo lake ni la kijasiri: kama hatuna kinu cha muungano cha kuzalisha nyutroni za kutosha, tuzitengeneze kwa njia nyingine. Viini vya deutiriamu vitarushwa kwa nishati ya voltielektroni milioni 40, mkondo wa miliampia 125, jumla megawati 5, na kuelekezwa kwenye pazia la lithiamu iliyoyeyuka, lenye unene wa milimita 25, linaloporomoka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Lithiamu lazima ikimbie, maana ikisimama itachemka papo hapo. Nyutroni zitatoka upande wa pili, na sampuli zitakaa hapo hapo nyuma ya pazia. Mahali penye mapigo makali zaidi ni padogo, hapafiki nusu lita, na sasa msomaji anaelewa kwa nini watafiti wametumia miaka mingi wakijifunza kuisoma metali kupitia visahani vya milimita 3. Mashine ya kufanyia majaribio sehemu ya kwanza ya mtambo huo iko Rokkasho, Japani.

Wapo wanaokata njia. Hurusha ayoni za chuma kutoka kwenye kichapuzi na kuleta ndani ya siku chache uharibifu ambao kinu kingeuleta kwa miaka. Ni mbinu nzuri ya kuchuja metali mbovu mapema, na sampuli haziwi na mionzi ya kuogopesha. Lakini ayoni haziendi ndani zaidi ya mikromita chache, na huwezi kuipiga kwa Charpy metali iliyoharibika juu juu. Kompyuta nazo hukokotoa njia ya kila atomi, na bado zinahitaji vipande halisi vya kuzisahihisha.

Je, Afrika Mashariki ina nafasi gani hapa? Hakuna nchi ya Afrika kati ya wanachama saba wa ITER. Historia yetu na atomi si fupi, hata hivyo: kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, kikafuatwa na cha pili mwaka 1972, ingawa sasa vyote vimezimwa. Kenya, kupitia Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Nishati uliowekwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, ina mpango wa kujenga kinu cha utafiti. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yake ya sayansi ya nyuklia.

Kinu cha utafiti nchini hakitaweza kuiga nyutroni za muungano, na atakayesema kitaweza anapotosha. Thamani yake iko kwa watu. Ulimwengu una upungufu wa mikono inayojua kuishika metali yenye mionzi, kuikata, kuivuta, kuivunja na kuisoma kwa hadubini bila kujidanganya. Mikono hiyo haipatikani kwa kununua mtambo, hulelewa. Nasi tuna mahali pa kuilea. Kijana aliyekulia Majengo, aliyeshika nyundo kabla ya kushika kalamu ya chuo, anayejua kwa sikio kwamba bati limefika mwisho wake, ana msingi ambao wanafunzi wengi wa maabara za Ulaya huupata wakiwa watu wazima. Kinachomkosesha nafasi ni daraja kati ya fuawe na maabara, na daraja hilo hatujalijenga. Tunachimba madini ya tungsteni na koltani, tunazisafirisha kama mchanga, na bei hupangwa na yule mwenye vyombo vya kusema ndani yake mna nini na itadumu kiasi gani.

Ninaomba mambo mawili. Wanaoandaa mpango wa kinu cha utafiti waweke ndani yake maabara ya metali tangu ramani ya kwanza, siyo kama nyongeza ya baadaye, na wafungue milango yake kwa Rwanda, Kongo, Uganda na Tanzania, kwa kuwa madini ni ya ukanda mzima. Na vyuo vyetu vya ufundi, vile ambavyo watoto wa Majengo na Gikomba wanaweza kuvifikia kwa matatu moja, vianzishe masomo ya kupima metali sasa, pamoja na mafundi wa Kamukunji kama walimu. Mashine ya kuvuta, nyundo ya Charpy, tanuri la nyuzi 550 na msumari wa kutobolea visahani havihitaji leseni ya nyuklia wala kusubiri kinu. Vinaweza kuanza kazi muhula ujao.